Mia Iliyobaki kwenye Tiketi ya Bi Somoe

Juzi nilisimama stendi ya Kibiti nyuma ya kijana mmoja wa kwenu anayekata tiketi kwa simu. Mteja kauliza nauli ya ndege ya kwenda Mwanza, kijana kamtajia. Mteja akapiga chafya, akajifuta pua, akasema, "Haya, nikatie." Kijana akamjibu bila hata kunyanyua macho, "Imepanda, mjomba."

Nilicheka mpaka ushungi ukaniteleza. Bei imepanda kwa chafya moja! Zamani zetu ilihitaji walau wiki na barua. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikwisha, nikabaki na swali lililonisumbua miaka yote ya kazi yangu, ambalo nawaachia nyinyi mawakala wa tiketi mnaokalia viti vyangu sasa: bei hulala saa ngapi? Maana ukiwa sokoni bei iko macho, inakimbia huku na kule. Lazima pawe na saa inapolala, isiamshwe tena na mtu. Saa hiyo ni ipi? Wakitajiana? Wakipeana fedha? Risiti ikiandikwa? Au mpaka mtu afike aendako?

Nilidhani najua. Akaja Bi Somoe na shilingi mia yake akanifundisha upya.

Kabla ya tiketi nilikuwa karani wa duka la ushirika. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Pongwe, mtu wa Mbwara, mwembamba kama ufito, aliyekuwa akihesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kutoka juu kwenda chini, mara ya pili kutoka chini kwenda juu. Nikamwambia siku moja, "Mzee, si ni zilezile?" Akanitazama kwa huruma. "Mwanaidi, ukipita njia moja kwenda tu, utaona upande mmoja wa miti." Tangu hapo nahesabu kwenda na kurudi. Nahesabu hata chapati mezani, na wanangu wamelizoea hilo.

Duka lile bei haikuwa na usingizi wala macho, ilikuwa imekufa. Serikali imeandika sabuni bei hii, unauza bei hii, kama sabuni ipo. Kawaida haikuwepo. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Sabuni zikaja za kila rangi, bei zikafufuka, na duka la ushirika likafungwa. Nikapewa kiinua mgongo ambacho hakikuinua hata shingo. Nikanunua meza, viti viwili na kufuli, nikawa wakala wa mabasi. Na zilipoanza ndege za watu binafsi, kampuni moja ya Dar es Salaam ikatafuta mawakala mikoani, nikaomba, nikapewa kitabu cha risiti, muhuri, na picha ya ndege ya kubandika ukutani. Watu wakaanza kuniita Mama Tiketi. Sikumwambia mtu kwamba ndege nilikuwa sijaipanda, na miaka yote niliyoziuza sikuipanda. Muuza sanda naye haijaribu.

Msishangae nani alinunua tiketi ya ndege Kibiti. Mvua za masika zikianza, barabara ya kusini ilikuwa inakufa. Malori yanazama matope, pantoni ya kuvukia mto pale Ndundu inasimama siku kadha wa kadha, na mtu mwenye shida ya haraka Mtwara hana budi kurudi nyuma kaskazini mpaka Dar, aruke juu ya matope yote. Ndiyo maana mvua ikinyesha wenzangu walinuna, mimi natandika kitambaa kipya mezani.

Basi masika moja akaja Bi Somoe binti Mpili kutoka Kiongoroni, kule delta karibu na bahari. Kakaa kwenye mashua mpaka Nyamisati, kapanda lori, kaingia ofisini kwangu na kikapu na harufu ya kamba wakavu. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kukausha kamba na kuuza. Umri wake ulikuwa wa kumwamkia mara mbili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndege inauzwa hapa?"

"Inauzwa nafasi, bibi. Ndege yenyewe hatuuzi."

"Nafasi yenyewe ndogo. Mimi sili nafasi kubwa. Nipunguzie."

Nikamweleza kwamba nauli haipunguzwi. Akakaa. Akasema atangoja ipungue. Akangoja mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi, akakaa tena. Hakuwa na ubishi, alikuwa anangoja tu kama mtu anayengoja maji yajae. Nikamuuliza kwa nini asisubiri masika yaishe apite barabarani. Ndipo akanieleza. Binti yake wa mwisho, Hadija, ameolewa Mtwara na ana mimba ya miezi minane.

"Ya kwanza ilitoka," akasema. "Ilitoka usiku, mumewe safarini, hana hata mtu wa kumshika mkono. Mimi nikapata habari baada ya siku arobaini. Safari hii nimeapa, Mwanaidi. Uchungu utanikuta nimeshakaa."

Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa elfu thelathini na nane. Akafungua fundo la kanga, tukahesabu. Noti za mia mbili na mia tano, zote zinanuka kamba. Nikahesabu juu chini, chini juu: thelathini na saba elfu na mia tisa.

"Imepungua mia, bibi."

"Haikupungua. Ni mkia."

Hapa vijana wa mjini nisikilizeni. Kule kwao, mtu anayesafiri mbali hamalizi kulipa kila kitu. Anaacha kitu kidogo, sarafu au pishi ya mchele, kwa mtu aliyemsafirisha. Huo ndio mkia wa safari. Mwili umekwenda, mkia umebaki, nao utauvuta mwili urudi. Aliyelipa yote kwa ukamilifu, wanasema, ameaga. Manahodha wa mashua wanaijua, na nahodha haandiki popote, anaweka kichwani. Ukirudi salama unampa mia yake, mnacheka, basi.

Kosa langu lilianzia hapo. Nahodha anaweka kichwani, lakini mimi ni mwanafunzi wa Mzee Pongwe. Kilichohesabiwa lazima kiandikwe. Ningetoa mia yangu mwenyewe mfukoni nikaandika "imelipwa yote," pasingekuwa na hadithi. Badala yake nikaandika kwenye risiti ya kampuni, kwa mwandiko mzuri wa karani: *Zimepokelewa 37,900. Baki 100.* Nikapiga muhuri. Nikazituma fedha Dar, na wao wakakata tiketi wakaileta kwa dereva wa basi bila kuuliza neno. Safari ikawa Jumatano ya wiki ya tatu kutoka siku ile.

Jumatatu ya wiki hiyo Bi Somoe akaja kwangu na mizigo yake, alale kwangu hadi kesho yake twende Dar. Alikuwa amebeba mafuta ya nazi chupa mbili, kanga jozi tatu, na ukili wa kushona mkeka wa mtoto. Alikuwa hajamaliza kunywa maji, dereva wa basi akanipa bahasha ya kampuni. Nauli imepanda. Abiria wote wa Jumatano, *hata waliokwisha kulipa*, waongeze elfu nane na mia tano kabla ya kupanda.

Nikaisoma mara mbili. Ikawa ileile.

Bi Somoe alikuwa amebakiwa na elfu sita tu, za kumfikisha kwa bintiye na za kununulia mkunga sabuni. Mimi kamisheni yangu ilikuwa imeshakuwa unga. Akaniuliza swali langu mwenyewe, bila kujua kwamba ni langu. "Kwani tulipopeana fedha, bei haikulala?"

Nikaichukua tiketi, kile kijitabu chembamba cha karatasi zenye rangi nyekundu mgongoni, nikaenda nayo kwa Mwalimu Mketo wa sekondari. Nyuma ya tiketi kulikuwa na maandishi ya Kiingereza madogo kama mayai ya chawa. Nilikuwa nimeuza tiketi zile miaka minne, sijawahi kuuliza yanasema nini. Nawaambieni kwa aibu kamili: nilidhani ni mapambo.

Mwalimu akavua miwani, akaisogeza karibu na karatasi kama kioo cha kukuzia. Akasoma kwa muda mrefu, mara anacheka, mara anasema "hee!"

"Mwanaidi, hii kampuni inasema haihusiki na mzigo ukipotea, haihusiki ndege ikichelewa, haihusiki na chakula. Sijaona bado inahusika na nini."

"Endelea, Mwalimu. Lazima kuna mahali wamesahau."

Akafika ibara ya tisa, akairudia. Kisha akanitafsiria nikaandika kwenye daftari: *Nauli iliyolipwa yote haitaongezwa kwa safari iliyoandikwa, maadamu abiria hajabadili siku wala njia.*

Nikaona taa. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeokota korosho barabarani. Sikuliona neno *yote*. Nililiandika kwa mkono wangu, nisilione.

Jumanne saa nne asubuhi tuko Dar, ofisi ya kampuni, ghorofa ya chini. Watu saba kwenye mstari, wote wa safari ya Jumatano, wote wamenuna. Kwenye kaunta kijana mwenye tai, mpole, anarudia maneno yaleyale kwa kila mtu: mafuta yamepanda, dola imepanda, vipuri vimepanda.

Ilipofika zamu yetu nikamwambia, "Mwanangu, kila kitu kimepanda isipokuwa bibi huyu. Naye tiketi anayo."

"Mama, siyo mimi, ni soko huria."

"Soko ninalijua, nimelelewa nalo. Muuza nyanya akishakupimia na ukamlipa, hakukimbilii njiani kukudai kwa sababu nyanya zimepanda. Akikukimbilia, soko zima linamzomea. Sasa wewe umetoka soko gani?"

Mstari ukacheka. Nikageuza tiketi, nikaweka kidole kwenye ibara ya tisa, nikasoma tafsiri ya Mwalimu kwa sauti. Kisha watu saba wakageuza tiketi zao kwa pamoja. Nasikia sauti ile ya karatasi mpaka leo. Bwana mmoja aliyekwisha kulipa nyongeza akarudi kaunta akasema kwa utaratibu mno, "Naomba elfu nane na mia tano yangu, kijana."

Yule kijana akatazama ibara ya tisa kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Hatukuwa tofauti, mimi na yeye.

Kisha akafanya jambo la upole. Akainama karibu, akasema, "Mama, tusigombane. Jumatano imejaa maneno. Bibi asafiri Ijumaa. Namwandikia hapahapa, bure, na nafasi ya dirishani."

Bi Somoe akafurahi, "Ijumaa siku njema." Nami nikashika kalamu nimtilie saini ya kuhamisha siku. Nilikuwa nimeshaielekeza kwenye karatasi, wanangu, nilipomkumbuka Mzee Pongwe, nikarudi nyuma kuihesabu sentensi kutoka mwisho. *Hajabadili siku wala njia.* Ukibadili siku, tiketi ni mpya. Tiketi mpya, bei mpya. Nikairudisha kalamu mezani taratibu kama yai. Mpaka leo sijui kama kijana alikuwa mjanja au mpole kweli. Lakini lishikeni hili: siku bei inapogombaniwa, usikubali zawadi ya tarehe.

Hapo akaitwa msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Akasoma ibara, akasoma tiketi za watu mmoja mmoja, akatia saini kila moja. "Imelipwa yote. Asafiri. Imelipwa yote. Asafiri." Watu wananishukuru, mmoja kaninunulia soda. Akafika kwa Bi Somoe. Akachukua risiti yangu yenye mwandiko mzuri.

"Hii ina baki."

"Baki mia tu, dada."

"Mia au milioni, haikulipwa yote. Ibara inasema *yote*. Nani aliandika hivi?"

Nikanyanyua mkono kama mtoto wa darasa la pili. Nimewatoa saba shimoni, nikamwacha wangu ndani, na shimo nimelichimba mwenyewe.

Nikatoa sarafu ya mia, nikaiweka kaunta. Msimamizi akarudisha mkono wake nyuma. "Nikiipokea leo, malipo yamekamilika leo, na bei ya leo ni arobaini na sita na nusu." Sarafu ikakaa pale. Hakuna anayeigusa. Sijawahi kuona fedha ikikosa mwenyewe namna ile.

Na Bi Somoe naye akanishika kanga. "Mwanaidi, iondoe hiyo. Huo ni mkia wangu. Unanilipia mkia, nitarudi na nini?"

"Bibi, bila kuulipa hatuendi!"

"Na nikiulipa nakwenda nisirudi. Wewe unataka nini?"

Msimamizi akauliza mkia ni nini. Bi Somoe akamweleza, kwa kituo, kama anamfundisha mwali. Akamweleza na habari za Hadija, na ile mimba ya kwanza. Halafu akamuuliza, "Sasa mwanangu, mimi nadaiwa na nani?"

"Na kampuni, bibi."

"Basi kampuni yenu ndiyo nahodha wangu. Nahodha adai abiria akirudi. Usiponipeleka, nitarudi kutoka wapi nikulipe?"

Yule mama akavua miwani. Aliona utamu wa jambo, nilimwona. Lakini alikuwa mtu wa karatasi, na mimi nilijua ya kwamba mtu wa karatasi humshindi kwa hadithi. Lazima umpe karatasi nyingine. Nikaifungua ile tiketi. Na hapo, kwa sababu nimezoea kuhesabu kwenda na kurudi, nikaona kitu kilichokuwa mbele yetu muda wote. Tiketi ilikuwa na majani mawili. Jani la kwenda. Jani la kurudi.

"Dada, nauli ni elfu thelathini na nane kwa majani mawili. Jani moja kiasi gani?"

"Kumi na tisa elfu."

"Tumelipa thelathini na saba na mia tisa. Anza kuhesabu kutoka mbele. Jani la kwenda limejaa?"

Akapiga hesabu pembeni mwa risiti.

"Limejaa," akasema.

"Limelipwa yote?"

"Limelipwa yote."

"Basi mia iko wapi?"

Bi Somoe akamjibia kabla hajafungua kinywa. "Iko kwenye kurudi. Si ndipo mkia unapokaa?"

Msimamizi akacheka, hasa, kicheko cha kufuta machozi. Akatia saini jani la kwenda. Kwenye jani la kurudi akaandika kwa mkono wake: *Baki 100. Atalipa akirudi.* Akapiga muhuri. Bi Somoe akaomba asomewe, akasomewa, akaridhika. "Haya. Sasa hata kampuni imejua nitarudi." Nikaichukua sarafu yangu kaunta. Nikaihesabu. Ilikuwa moja.

Alipanda Jumatano. Uchungu wa Hadija ulimkuta ameshakaa. Mtoto alizaliwa baada ya siku kumi na moja, wa kike, mzima, mkononi mwa bibi yake.

Ningetaka kuishia hapo, ila mimi sihesabu upande mmoja. Bi Somoe alikaa Mtwara mpaka mvua zikaisha. Siku aliyokwenda kuulizia ndege ya kurudi, ofisi ya Mtwara ina kufuli. Kampuni ilikuwa imekufa, kama zilivyokufa nyingi miaka ile. Alirudi kwa lori na pantoni, ana vumbi mpaka kwenye kope. Nilikwenda Dar mara tatu kudai kumi na nane elfu na mia tisa za jani lake. Mara ya kwanza wakaniambia njoo kesho. Mara ya pili mlango umefungwa. Mara ya tatu uko wazi, na juu ya ile kaunta vimepangwa viatu vya mitumba. Hakukuwa na mahali pengine pa kupeleka shauri, au kama palikuwepo, mimi sikupajua. Siku hizi zipo ofisi za kupokea malalamiko ya abiria. Zijueni zilipo *kabla* hamjazihitaji. Niliokoa elfu nane na mia tano, nikapoteza kumi na nane na mia tisa. Hesabu hiyo nimeirudia sana, inatoka vilevile.

Kwa hiyo bei hulala saa ngapi? Ninachoweza kuwaambia ni kwamba hailali kwa kuimbiwa. Inalala ukiwa na karatasi inayosema *yote*, na umeisoma na mgongo wake, na hujakubali kuhamishwa siku. Hata hapo lala nayo jicho moja wazi. Na mteja wenu akitaka kuacha mkia, mwacheni auache, ni mila yake. Lakini auache kwenu, msiuandike kwenye karatasi ya mwenye ndege.

Bi Somoe yupo. Macho yamepungua, ulimi haujapungua. Kila Idi nikimpelekea sukari Kiongoroni, nikishamwamkia, swali lake ni lilelile.

"Wale wa ndege wamekuja kudai mia yao?"

"Bado, bibi."

"Wasije," anasema, na kujinyoosha kwenye mkeka. "Safari yangu haijaisha."